Kaimati za Wagiriki na viti vyangu sitini

Wiki iliyopita kijana mmoja aliyeko Maskati aliniandikia. Akaanza na shikamoo, akanipamba mistari mitatu, ndipo akafika kwenye shida yake: "Dada, nimeona picha yako umesimama kwenye kipaza sauti, ukumbi umejaa Wazungu. Na mimi ni mwandishi. Nifanyeje nialikwe kama wewe?"

Marahaba, mdogo wangu. Wale ni Wagiriki. Ukiwaita Wazungu tu, wazee wao watakucheka, maana waliposhuka melini hapa Australia miaka ya hamsini, wenye nchi hawakuwaona Wazungu wa kutosha. Waliwacheka kwa vitunguu saumu vyao na mafuta ya zeituni, wakawapa jina la matusi ambalo wajukuu leo wanalitania wenyewe. Na la pili: sikualikwa. Niliingia kwa mlango wa uani, ndiyo maana nakujibu kirefu. Nanyi wengine mnaoniuliza swali hili kila mwezi, someni hapa hapa, nimechoka kunakili majibu.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Muheza, mkoani Tanga. Nipo Melbourne mwaka wa kumi na nne. Kazi yangu ni kulea wazee kwenye nyumba ya wazee. Nabadilisha mashuka, nalisha, naosha, nasikiliza. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu kuna waandishi wetu wa ughaibuni ambao ukisoma wasifu wao utadhani wanakula mashairi asubuhi na jioni. Mimi naandika nikitoka zamu, mezani jikoni, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

Nyumba yetu imejaa wazee wa Kigiriki. Jumuiya yao ya hapa Melbourne iliundwa 1897, lakini gharika lenyewe la watu lilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyowafuata kule kwao. Mwaka 1952 serikali mbili zilipatana, meli zikaanza kumimina vijana. Meli mojawapo, iliyoanza safari za huku mwishoni mwa 1959, iliitwa Patris, yaani nchi ya baba. Hebu fikiria: unaiaga nchi ya baba ukiwa umepanda Nchi ya Baba. Vijana wale walikwenda viwandani, wakafungua vioski vya chipsi na samaki, wakazaa madaktari na mawakili, na sasa ndio ninaowavisha soksi.

Mzee akianza kusahau, mara nyingi lugha iliyoingia mwisho hutoka kwanza. Kiingereza kinakwenda zake, Kigiriki kinabaki. Nimejifunza maneno yangu ishirini: maji, choo, maumivu, mwanangu, polepole. Lakini bibi mmoja alitushinda wote. Kiingereza kilimtoka, Kigiriki nacho kikaanza kuyumba, na chini yake kikachomoza kitu ambacho wenzangu walidhani ni kubwabwaja.

Asubuhi moja nilikuwa nimepiga goti namvisha soksi, nikasema kwa mazoea, "Haya bibi, mguu wa pili." Akanitazama kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

"Wewe mtu ya wapi?"

Soksi ikanidondoka. Nikasema, "Muheza."

"Muheza! Treni nasimama kule." Akanyamaza kidogo, halafu akanyoosha mkono kuelekea mlangoni. "Lete maji moto. Upesi."

Nikaenda kuleta maji ya moto. Nilipofika jikoni ndipo nikajigundua: nimekimbia. Mtu mzima, mama wa watoto watatu, nimekimbia kwa ile sauti.

Bibi alizaliwa kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa, ila wengine mnaweza kushangaa. Wagiriki walifika Tanganyika zama za Mjerumani, wengi wao kwa kazi za ujenzi wa reli, na reli ilipokwisha wakashika ardhi: mkonge Tanga, kahawa Kilimanjaro, tumbaku Iringa. Miaka ya sitini nyuzi za viwandani ziliiporomosha bei ya mkonge, na baada ya Azimio la Arusha, 1967, serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba. Wengi wakafunga virago. Baba yake bibi naye akafunga.

Babu yangu mzaa mama alikuwa manamba. Aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, akapewa namba na kipande, na Kigoma hakuiona tena mpaka anazikwa. Mama yangu amekua akisikia honi ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, alfajiri. Kwa hiyo nilipoambiwa "upesi" na bibi aliyevaa soksi moja, mtaelewa kwamba ndani ya kile chumba hatukuwa wawili.

Miezi ilivyokwenda nikagundua Kiswahili cha bibi kina vyumba viwili. Cha kwanza ni cha amri: lete, chukua, ngoja, funga, toka. Hakina naomba, hakina tafadhali. Cha pili ni cha yaya wake. Usiku asipopata usingizi alikuwa akiimba kwa sauti nyembamba kumbembeleza mtoto asiyekuwepo, na maneno yakawa yamenyooka, ngeli zote mahali pake, lafudhi kabisa ya wanawake wa kwetu. Hakuna "mtu ya wapi" tena. Mdomo ule ule.

Nikaanza kuandika. Zilitoka kurasa kumi na moja, nikazikata zikabaki nne. Miezi saba ya katikati naiacha, ilikuwa kuandika na kufuta.

Kabla sijawafikisha ukumbini kwa Wagiriki, lazima niwapitishe kwenye aibu yangu. Miaka mitatu iliyopita nilikodi ukumbi wa maktaba, nikapanga viti sitini kwa mikono yangu, nikatangaza Jioni ya Fasihi ya Kiswahili. Nikapika biriani ya watu sitini. Walikuja kumi na mmoja. Kati yao wanne walikuwa watoto, mmoja alikuwa mume wangu, na mmoja alikuwa mzee wa Kiaustralia aliyedhani ni darasa la kompyuta. Huyo ndiye aliyekaa mpaka mwisho na akauliza swali zuri kuliko wote. Kiongozi wa chama kimoja cha watu wetu alikuwa ameniahidi mara tatu kutangaza kwenye kundi la WhatsApp. Hakutangaza. Usiku huo huo kulikuwa na shoo ya msanii aliyeletwa kutoka Dar, kiingilio dola themanini, na picha za asubuhi yake zikanionyesha mmoja mmoja wote walioniambia "dada, nina zamu". Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Biriani tuliila mpaka Ramadhani.

Nimewasamehe. Nimesema nimewasamehe mara nyingi mpaka mume wangu ananiomba niache kusamehe.

Basi ushauri wangu wa kwanza, kijana wa Maskati: kabla hujaandaa tamasha lako, kakae kwenye la wenzako. Usiende kupiga picha. Kakae.

Mimi nilikaa hivi. Mjukuu wa bibi huja kila Jumapili. Ni mwalimu, na utotoni alisoma zile shule za Jumamosi ambazo Wagiriki wa hapa huwapeleka watoto kujifunza lugha. Alikuwa akiniuliza bibi yake anasema nini, nikawa namfasiria: leo ameagiza maji, leo amemfukuza mbwa, leo ameimba. Siku moja nikamwonyesha zile kurasa nne, nikijua kabisa naweza kupoteza kazi. Akasoma amesimama. Akakaa, akasoma tena. Akasema kuna tamasha la waandishi wa Kigiriki wa ughaibuni mwezi unaokuja, siku mbili, na mchana wa siku ya pili kuna nafasi kwa msikilizaji yeyote kusoma dakika saba. Akaniandikisha kwa jina lake. Huo ndio mwaliko wangu, mdogo wangu. Tamasha lenyewe silitaji jina, na sababu mtaiona.

Siku ya kwanza niliingia ukumbi siyo. Kikao kizima kilikuwa cha Kigiriki kitupu, nami nimekaa mstari wa tatu, siwezi kutoka bila kukanyaga miguu ya wazee kumi. Saa nzima natingisha kichwa wakitingisha, nacheka sekunde moja baada yao. Neno moja tu nililishika, likirudi na kurudi: xenitia. Mjukuu alikuwa ameshanieleza. Ni ile hali ya kuwa nchi ya watu, na wana nyimbo chungu nzima za kuililia. Nikakaa pale nikiwaza neno letu. Ughaibuni kwa asili yake ni kutokuwepo, mahali pa aliyeghibu. Wao wameliita jambo hilo wakiwa wamesimama upande wa aliyekwenda, anayeona ugeni mbele yake. Sisi tumeliita tukiwa upande wa waliobaki, wanaotazama kiti kitupu. Ndiyo maana labda barua zetu zote ni za kuombana radhi.

Hata hilo neno diaspora ni lao, maana yake ni kutawanya, kama mbegu shambani. Kwetu Bongo limeshakuwa mtu. "Shemeji yako si diaspora?" Yaani mwombe simu.

Wakati wa mapumziko zikaletwa sinia za loukoumades. Nilikuwa nimejikunyata pembeni na kikombe cha ile kahawa yao ya machicha, nikachukua moja kwa adabu tu, nikauma. Kaimati! Asali badala ya shira, mdalasini juu, lakini kaimati ile ile ya barabara ya kumi na mbili, Tanga mjini. Na udugu huo ni wa damu: jina lao limetoka kwenye lokma ya Waturuki, lokma imetoka kwenye luqma ya Waarabu, yaani tonge, na kaimati yetu ni mtoto wa luqma huyo huyo aliyeshukia pwani nyingine. Nikamweleza mama aliyekuwa akigawa. Akanikumbatia, akaniongezea sita. Nilikula tisa. Watu huniuliza nilipata wapi ujasiri wa kusoma mbele ya umati. Niliupata pale kwenye sinia.

Lakini kilichoniuma ni meza ya vitabu. Mita sita au saba, imefunikwa kitambaa cheupe, na nyuma yake mama mtu mzima mwenye kisanduku cha chenji. Mimi nilitegemea kuona majina makubwa, na yalikuwepo. Christos Tsiolkas ni mtoto wa Melbourne, riwaya yake ya 2008 ilisomwa dunia nzima na ikafanywa tamthilia ya televisheni, kila mtu pale alimtaja kama mpwa wake. Ila nyuma ya jina hilo kulikuwa na rundo la vijitabu vyembamba, vingine vimepigwa chapa kwa gharama ya mwandishi, vingine vimebandikwa gundi inayoachia. Kuna jarida la hapa liitwalo Antipodes ambalo limekuwa likitoka tangu 1974, Kigiriki na Kiingereza pamoja. Kuna gazeti lao, Neos Kosmos, Dunia Mpya, limekuwepo tangu 1957. Mwaka 2012 wakafanya hapa tamasha la waandishi, nalo wakaliita Antipodes, maana yake nyayo zinazoelekeana, kama mtu wa huku na mtu wa kule wamekanyagana kupitia katikati ya dunia. Hesabuni wenyewe. Kutoka jarida mpaka tamasha hilo ni miaka thelathini na minane. Mimi nilitaka viti sitini vijae kwa tangazo la wiki mbili.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Nilikuwa naijua methali hii tangu darasa la tatu, nikaielewa mbele ya ile meza nikiwa na asali vidoleni.

Nikanunua vitabu vitano, pesa ya zamu moja na nusu, na usiku ule sikulala. Nitawataja wachache, kwa sababu kila mmoja alinipiga kofi lake.

Dimitris Tsaloumas alitoka kisiwa cha Leros akaja hapa 1952. Akafundisha shule hapa Victoria miaka na miaka, akiandika mashairi kwa Kigiriki katika nchi ambayo wakosoaji wake hawakuweza kuyasoma. Australia ilimwona 1983, ilipotoka diwani yake ya lugha mbili, Kigiriki na Kiingereza cha mfasiri. Ikapata tuzo ya taifa ya vitabu. Alikuwa ameshavuka miaka sitini. Kijana, wewe una miaka ishirini na sita na umeniambia umechoka kusubiri.

Antigone Kefala alizaliwa Romania kwa wazazi wa Kigiriki, akapita Ugiriki, akapita New Zealand, akaishia Sydney. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya nne, na ndicho alichoandikia. Tuzo ya Patrick White, ambayo imewekwa mahsusi kwa waandishi ambao hawakupewa heshima waliyostahili, aliipata 2022, na mwaka huo huo akafariki. Sijui nicheke au nilie na tuzo ya namna hiyo. Ni kama kupewa cheti cha kwamba tulikupuuza.

Yuko Pi O, mshairi wa mtaa wa Fitzroy, ambaye mwaka 1996 alitoa kitabu cha kurasa zaidi ya 700 kinachosimulia siku moja tu, saa ishirini na nne, na maneno ameyaandika kama wahamiaji wanavyoyatamka dukani, lafudhi yote na makosa yote. Nilipokifungua nikaona aibu. Katika kurasa zangu nne nilikuwa nimemsahihisha bibi. "Mtu ya wapi" nilikuwa nimeigeuza "mtu wa wapi" ili nisionekane sijui ngeli. Saa nane usiku nikarudisha kosa mahali pake.

Na Cavafy, wa Alexandria kule Misri, huyo alizaliwa 1863 nje ya Ugiriki na akafia nje ya Ugiriki, 1933. Miaka karibu thelathini alikuwa karani wa idara ya umwagiliaji. Maisha yake yote hakutoa diwani ya kuuzwa dukani. Alichapisha shairi moja moja kwenye karatasi, akazibana pamoja, akawagawia aliowachagua. Watu wa Tanga mtaona ninakokwenda. Sisi tunaye karani wetu: Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, Pangani na kwingineko, miaka mingi, huku akiandika. Makarani wawili wa pwani, mmoja na maji ya mifereji, mwingine na ushuru wa bandari, na leo mataifa yanaapa kwa majina yao. Halafu mtu ananiambia hana muda kwa sababu anaendesha Uber.

Wa mwisho nimtaje Vassilis Alexakis, Mgiriki aliyehamia Ufaransa, akaandika Kifaransa na Kigiriki kwa zamu. Utu uzima ukiwa umeshamkolea akaamua kujifunza lugha ya tatu, akachagua Kisango, cha Jamhuri ya Afrika ya Kati, na mwaka 2002 akatoa riwaya kuhusu kujifunza huko. Mtu ana Kigiriki cha Homer mfukoni, anakwenda kukaa mbele ya Kisango kama mtoto wa chekechea. Nasi tuna watoto hapa Melbourne ambao ukiwasemesha Kiswahili wanatazama viatu. Wangu mmojawapo, nisijifanye.

Siku ya pili, saa tisa alasiri, jina likaitwa. Mjukuu akasimama, akasema ananipisha. Nikajikaza kisabuni. Nilisoma Kiswahili kwanza, kizima, dakika tatu bila mtu kuelewa, kisha Kiingereza. Nilifanya hivyo kwa kisasi kidogo cha kile kikao changu cha siku ya kwanza, lakini kilitokea kitu. Nilipofika kwenye amri, lete, chukua, ngoja, funga, toka, kuna vichwa viwili vitatu vya kizee viliinuka. Walikuwa wameelewa.

Nilipomaliza, mzee mmoja mwenye fimbo akasimama. Akasema baba yake alikuwa na shamba Tanganyika, aliwajengea wafanyakazi zahanati, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Baadhi wakapiga makofi. Msimamizi akaanza kushukuru ili tumalize. Mimi bado nina kipaza sauti mkononi. Nikasema, "Asante, mzee. Babu yangu naye hakulalamika. Hakuna aliyemuuliza."

Ukumbi ukawa kimya, kisha makofi mengine, ya watu wengine. Hiyo ndiyo picha uliyoiona, mdogo wangu. Ninatabasamu lakini magoti yanagongana.

Haikuishia hapo. Nikitoka, mmoja wa waandaaji akanivuta kando, kwa upole mwingi, akasema safari nyingine ingependeza nichague kitu chenye kuunganisha watu. Maneno haya nimelala nayo wiki tatu. Nilikuwa nimekula kaimati zao tisa, nimenunua vitabu vyao vitano, nimekaa saa nzima kwenye lugha yao, na bado wa kuunganisha ni mimi. Siwataji kwa sababu mama wa meza ya vitabu hakustahili kuchafuliwa kwa neno la mwenzake. Yeye alinifuata mpaka kituo cha tramu Mtaa wa Lonsdale, baridi ya huku inakata masikio, akaniuliza jambo moja: yule yaya aliitwa nani?

Sikuwa najua. Miezi yote ile sikuwa nimeuliza.

Jumapili yake mjukuu akaleta albamu. Ipo picha: mtoto wa kike mwenye kofia kubwa mapajani kwa mwanamke wa kwetu, kanga mbili, amekaa kwenye ngazi ya nyumba ya bati. Nyuma yake kumeandikwa kwa Kigiriki, "Mimi na yaya, 1938." Jina halipo. Nikamuuliza bibi mwenyewe, kwa Kiswahili, asubuhi, mchana na usiku. Akasema, "Yaya." Nikamwambia ndiyo, jina lake? "Yaya," akarudia, kwa hasira, kama nimemuuliza jina la Mungu.

Ushauri wa pili, basi: uliza majina mapema. Uliza jina la kila mtu aliye kwenye hadithi yako wakati bado kuna wa kukujibu. Tena omba ruhusa ya familia kabla hujamwandika mgonjwa. Mimi nilibahatika kwa mjukuu, ungeweza kupata mwanasheria.

Ushauri wa tatu ni ule ule wa kwanza, ila nitausema kwa ukali zaidi kwa sababu najua mmeupita haraka mkitafuta kaimati. Nendeni mkakae kwa wenzenu. Nunueni vitabu vyao. Mkirudi, chapisheni. Anzeni na jarida la kurasa nane, hata la fotokopi, hata liwe na gundi inayoachia. Kigiriki kina wasemaji wachache mno kuliko Kiswahili, lakini mezani wana mita saba na sisi hatuna meza. Tunalalamika watu wetu hawasomi. Wamesoma nini, tuliwapa nini? Tulipopata pesa tulijenga nyumba Kibaha na tukaleta wasanii. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alipopata Nobeli, simu yangu ilijaa bendera na vigelegele siku mbili nzima, na nilipouliza kwenye kundi nani amesoma kitabu chake hata kimoja, mtu akatuma kibonzo. Mnataka mialiko. Mwaliko ni karatasi ya mwisho. Kabla yake kuna karatasi elfu ambazo hakuna anayekupigia makofi ukiziandika, na kama huwezi kuziandika bila makofi, basi fanya biashara ya ubuyu, haina aibu na inalipa.

Naona nimeanza kuhubiri. Mume wangu yuko hapa anacheka.

Jumatatu baada ya tamasha nilimsomea bibi zile kurasa, Kiswahili tu, yeye kitandani, mimi kwenye kiti cha wageni. Nilisoma na "mtu ya wapi" yake ikiwa mahali pake. Alisikiliza macho ameyafumba. Nilipofika kwenye treni ya Muheza akainua kidole, nikadhani atalia, nami nikawa tayari kulia naye.

"Dirisha," akasema. "Funga."

Nikafunga dirisha. Nikamalizia ukurasa wa nne.

Wewe wa Maskati, nitumie kurasa tano. Ziwe zimekwisha, usinitumie dondoo wala wazo. Kama zina mama mpishi au dereva au mtu wa bustani ndani yake, awe na jina. Usitume Jumatatu, Jumatatu nina zamu ya alfajiri.